Matope ya Serikali

Generose Ninahazwe hakuwahi kupokea kitu bila kukigeuza aone chini yake. Sahani aliigeuza, noti aliigeuza, na parokia ilipogawa kalenda kwa kina mama wa kwaya aliigeuza ya kwake pia, akakuta nyuma tangazo la duka la mabati. "Nilijua," alisema, akaitundika upande wa mabati ukitazama nje, ili asisahau nani hasa aliyempa.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Kule Nyakabere, wazazi wake walikokuwa wakilima mpunga na mihogo, alikuwa mtoto wa kuamini kama watoto wengine. Kilichomharibu ni ndoa. Mume wake, Ngendakumana, alikuwa mtu mpole, fundi wa mitambo katika shirika moja la Serikali, na ubaya wake wote ulikuwa kumwamini mwajiri wake. Kila mwezi ulipokwisha aliambiwa mshahara uko njiani. Generose akawa anauliza ni njia gani hiyo, maana njia kubwa ya Uvira aliijua ni moja, mlima huku na ziwa huku, na kitu kikipita lazima kitaonekana. Shirika likafa. Ngendakumana naye akafa baada yake. Mshahara hadi leo uko njiani.

Alichomwachia mjane wake ni kiwanja kidogo katika kata ya Kasenga, mjini Uvira, na tanuru la mikate. Tanuru alilijenga wakati wa kungoja mshahara, ndiyo maana lilikuwa kubwa. Chini yake alitandika vipande vya chupa na chumvi ya mawe ili joto likiingia lisitoke upesi, juu akapanga matofali, kisha akafunika yote kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu. Mikate ya tanuru hilo iliwalea watoto wao, ambao sasa walikuwa wakubwa na walikuwa wakimpigia simu kutoka miji ya mbali kumwambia asifanye kazi sana.

Tanuru hilo lilikufa kwa maji. Mtaro wa avenyu, yaani wa mtaa wao, unashuka kutoka mguu wa mlima, unapita nyuma ya ukuta wa Generose, na kuishia ziwani. Huo ndio mpango. Lakini mtaro ulikuwa umejaa matope, chupa za plastiki na ndala zilizokatika, kwa hiyo kwa desturi maji yalikuwa yanaishia kwa Generose. Msimu mmoja yalivunja ukuta, yakakaa uani mchana kutwa, na tanuru la Ngendakumana likalainika kama ugali mbichi, likaketi chini taratibu huku Generose akiliangalia.

La pili alilijenga kwa mikono yake, kiangazi kizima. Udongo wa kichuguu aliubeba kichwani kutoka upande wa mlima. Lilipokauka na kuoka mkate wa kwanza, alikaa kwenye kiti, akaitazama mikono yake, mikono ikamjibu kwamba la tatu halitajengwa. Basi maisha yake yote yaliyobaki yalikuwa pale, chini ya mabati manne, mkabala na mtaro ulioziba.

Ndipo hali ya uchumi ilipoharibika.

Mpaka wa Burundi ulifungwa, unga ukapanda, na watu wakashuka. Madereva wa pikipiki walikuwa wanakaa juu ya pikipiki zao kama kuku juu ya mayai yasiyoanguliwa. Washonaji wa Kasenga wakawa wanashona viraka. Mkate mzima ukageuka kitu cha ubatizo na harusi. Generose akaanza kuukata nusu, halafu robo, na wapo waliouliza kama robo nayo haikatiki. Tanuru likawa linawashwa mara chache, na tanuru lisilowashwa linanyonya unyevu.

Habari ya Serikali kuufufua uchumi ilitangazwa kwenye uwanja wa shule. Aliyekuja kutangaza alikuwa injenieri Achille, kijana mrefu wa kutoka mbali, mwenye jile, kizibao cha rangi ya chungwa, na kipaza sauti kilichomlilia kila alipokigeuza. Alisema uchumi umelala. Serikali imeamua kutia fedha ili uamke: wananchi wa avenyu hii watapewa kazi ya kusafisha mtaro mpaka ziwani, na watalipwa kila Jumamosi.

Generose aliinua mkono.

"Injenieri, munasema munafufua. Kufufua iko ya muntu mwenye alikufa. Nani alimuua?"

Watu wakacheka. Achille naye akacheka, kwa adabu.

"Mama, hakuna mwenye aliua. Ni hali tu. Mpaka, biashara, dunia nzima iko vile."

"Alikufa na hakuna mwenye aliua," Generose alisema akiketi. "Hiyo tunaijua. Tulishazika wengi wa vile."

Achille hakukata tamaa. Alieleza kwa mikono. Serikali inakulipa wewe, wewe unanunua samaki, muuza samaki ananunua mkate, muuza mkate ananunua unga, fedha inazunguka, na kila mahali inapopita inaacha kitu.

"Ni kweli inazunguka," alisema Patient, dereva wa pikipiki aliyekuwa na maoni kuhusu kila jambo kwa kuwa hakuwa na abiria. "Miaka yote inatuzunguka sisi, inapita."

Hata hivyo waliandikishwa wote, Patient wa kwanza. Generose alijiandikisha pia. Majirani walishangaa, naye akawaeleza kwamba nyoka akiingia nyumbani, afadhali ujue alipo. Hilo lilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ilikuwa mawingu. Mvua zilikuwa bado, lakini zingekuja, na mtaro ukisafishwa kabla hazijaja, maji yangepita nyuma ya ukuta kama mgeni mwenye adabu.

Kazi ilianza chini ya uongozi wa Bruno, shefu wa avenyu, mzee mnene aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye jua. Na hapo lazima isemwe jinsi watu wa Kasenga wanavyosafisha mtaro, kwa sababu hawakuanza jana. Wamelelewa na salongo, ile kazi ya pamoja isiyolipwa ambayo Serikali huwaita wananchi waifanyie mji wao. Katika salongo mtu huchota tope kwa chepeo, hulitua ukingoni, hufuta jasho ili aonekane, kisha huenda nyumbani. Tope hubaki ukingoni. Pikipiki hulisukuma, mbuzi hulikanyaga, kuku hulichakura, na kabla ya salongo nyingine limerudi mtaroni lenyewe. Hakuna anayekasirika. Serikali haikulipa kitu, na hakuna kitu ilichopata. Ni biashara safi.

Basi walipoanza kulipwa, walifanya vile vile walivyofundishwa, ila polepole zaidi.

"Tope hili tulipeleke mbali," Generose alisema siku za mwanzo, akiegemea chepeo. "Likibaki hapa litarudia."

Shefu Bruno alimvuta kando kama mtu anayetaka kumwonyesha uchi wa jirani.

"Mama Generose, weye ni muntu mukubwa. Kazi ikiisha, tutakula nini?"

"Na mvua ikikuya?"

"Ikikuya, kanivo, mtaro huu, itajaa tena. Tutaanza upya. Serikali iko na pesa, sisi tuko na matope. Juu ya nini unataka kuharibu ndoa?"

Inasemekana katika nchi zenye vyuo vikuu vingi kuna wasomi wanaoamini kwamba nyakati ngumu ni heri Serikali iwalipe watu kuchimba mashimo na kuyafukia kuliko kuwaacha wakae bure. Shefu Bruno hakuwahi kukutana nao. Angewapa kazi.

Ilipofika Jumamosi ya kwanza, Generose alienda kwenye malipo akiwa na uso wa mtu anayeenda kutambua maiti. Achille aliita majina, watu wakapita mezani, kila mmoja akapewa chake. Chote. Siku ile ile aliyoahidiwa. Noti zilikuwa mpya. Generose alizigeuza, akazinusa, akaziinua kwenye jua.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa kweli.

Serikali isiyolipa alikuwa anaijua. Aliizika pamoja na mume wake, alijua tabia zake, angeweza kuishi nayo kama mtu anavyoishi na jino bovu. Serikali inayolipa kwa wakati ilikuwa kitu kingine. Muntu akikupa vizuri namna hii, aliwaza akirudi nyumbani, kuna kitu anachukua upande mwingine wakati weye unahesabu.

Jioni ile uani kwake palijaa watu. Patient alinunua mkate mzima na kuula pale pale, amesimama, bila kuongea, jambo lililowatia watu wasiwasi juu ya afya yake. Victoire, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa anauza ndakala, dagaa wa Makobola, aliuza beseni zima akaja kununua mikate miwili. Wiki iliyofuata Generose aliwasha tanuru kila siku. Wiki nyingine ikaja, malipo yakaja nayo, fedha ikawa inazunguka kama Achille alivyoichora kwa mikono, na mtaro ulikuwa umesafishwa mpaka kwenye mlango wa kanisa dogo, si mbali na ulipoanzia.

Generose hakuwa mjinga. Aliona vizuri kilichokuwa kinamtokea. Kila chepeo la polepole lilimuuzia mkate, na kila chepeo la polepole lilimkaribishia maji. Tanuru lilikuwa linashiba kwa kitu kile kile ambacho kingeliua. Asubuhi alitazama wateja, akashukuru. Mchana alitazama mlima, akaona wingu limekaa juu yake, likaondoka, na kesho yake limerudi na wenzake.

Siku moja, wakati wengine wamepumzika, alimwona injenieri Achille ameshuka mwenyewe mtaroni. Achille aliinama, akachota tope kidogo kwa kijiko. Akalitia kwenye sashe ya plastiki iliyo safi, mpya kabisa. Akaifunga fundo, akaifunga la pili, akaandika kitu juu yake kwa kalamu, akaenda kuiweka ndani ya gari. Hakuitupa nyuma kwenye mapipa. Aliiweka mbele, karibu na kiti chake.

Generose alisimama na chepeo mkononi, na mambo yote yakakaa mahali pake. Hakuna mtu duniani anayefunga uchafu kwenye sashe safi. Malipo ya wakati. Noti mpya. Serikali kuhangaikia mtaro wa Kasenga, mtaro ambao haikuwahi kuuliza hali yake tangu uchimbwe. Na maji ya mtaro yanatoka wapi? Mlimani. Na mlimani, huko juu, watu wanachimba nini?

Katika mkoa ule swali hilo lina jibu moja, na mtoto wa shule ya msingi analijua kabla ya kujua kusoma. Mzungu akipima barabara, anatafuta dhahabu. Padri akichimba kisima, amepata dhahabu. Watu wa afya wakiomba damu kidogo ya kidole, wazee hutazamana.

Alivumilia mpaka jioni. Kisha alimwita Victoire penye ukuta.

"Usiambie muntu."

"Minye? Minye iko kaburi," alisema Victoire, akiweka chini beseni la ndakala ili asikie vizuri.

"Tope ile. Leo niliona injenieri anaitia mu sashe. Anafunga mara mbili. Anaweka mbele ya gari."

Victoire alitazama juu mlimani, akatazama chini mtaroni, akatazama vidole vyake.

"Iko dhahabu," alisema.

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Minye nimesema. Ndiyo maana banatulipa! Banatulipa mkate, banabeba dhahabu. Yoo, Mama Generose, na sisi tunaitupa pembeni, mbuzi inakanyaga!"

Victoire alitunza siri kama alivyoahidi. Hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Damien, mume wake, na hilo halihesabiwi. Damien hakumwambia mtu isipokuwa wale alioenda kuwaazima beseni.

Asubuhi Generose alipotoka na unga wake, ukingo wa mtaro ulikuwa mtupu. Matope ya wiki zote, marundo ambayo shefu Bruno alikuwa ameyatunza kama akiba ya uzee, hayakuwepo. Yalikuwa yamefagiliwa hadi vumbi lake. Nyuma ya kila ukuta palisikika maji yakizungushwa kwenye beseni, karai, sufuria, na kwa watu wa kanisa dogo, hata kwenye sahani ya sadaka. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Patient alipita na gunia linalochuruzika nyuma ya pikipiki, akasema, bila kuulizwa, kwamba ni mihogo.

Generose naye alikuwa amejiwekea karai moja. Alilizungusha taratibu nyuma ya tanuru, akamwaga maji, akaongeza, akamwaga. Alipata mkanda wa ndala, kizibo cha chupa, gololi ya mtoto na kifungo cha shati. Alivigeuza vyote. Chini yake hakukuwa na kitu.

Basi alijua. Labda alikuwa peke yake avenyu nzima aliyejua, kwa sababu wengine walikuwa wanaona kwamba dhahabu haijaonekana kwa kuwa bado hawajafika chini. Na walikuwa wanashuka. Marundo yalipoisha, walihamia mtaroni kwenyewe. Watu ambao jana walihitaji asubuhi nzima kunyanyua chepeo moja, leo walikuwa wanachimba kabla ya jua kutoka, baba na mama na shangazi aliyekuja kusalimia, bila kulipwa, bila kusimamiwa, bila kufuta jasho ili waonekane. Walipita mlango wa kanisa. Walipita duka la mabati. Tope lilikuwa linaondoka kwa magunia, likiingizwa majumbani kwa heshima na mlango unafungwa nyuma yake.

Alisimama penye ukuta, karai likiwa bado mkononi. Neno moja tu lingetosha. Angesema: nilijidanganya, hakuna kitu, rudisheni machepeo, kazi ingerudi kuwa kazi, Jumamosi ingerudi kuwa Jumamosi, na mikate ingeuzwa. Kichwa cha Damien kilikuwa kinaonekana mtaroni, hatua chache kutoka kwake, kikishuka na kupanda. Bado kipande kidogo wafike nyuma ya ukuta wake. Juu ya mlima palikuwa peusi.

"Mama Generose!" Victoire aliita kutoka chini, matope mpaka kwenye nywele. "Weye ulipata?"

"Sikupata kitu. Iko matope tu," Generose alisema.

Aliusema ukweli kwa sauti ile ile ambayo watu husemea uongo, na hakuurudia. Victoire alimtazama, akamtazama tena, kisha akachimba kwa nguvu zaidi.

Achille alirudi Jumatatu kutoka Bukavu, alikokuwa ameenda kupeleka sashe yake. Alikuta mtaro umesafishwa kutoka mlimani hadi ziwani. Ulikuwa na kina zaidi kuliko mchoro wake. Sakafu yake ilikuwa safi kiasi kwamba kuku walikuwa wanatembea ndani wamepotea, hawana cha kuchakura. Alitembea urefu wake wote, akarudi, akakusanya watu.

"Nani alifanya kazi hii?"

Watu walitazama miguu yao. Shefu Bruno, aliyekuwa na tope kwenye kofia ya sufu, alisonga mbele.

"Ni salongo, injenieri. Wananchi kwa moyo wao."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya avenyu ile, mtu wa Serikali alikasirika kwa sababu wananchi wamefanya kazi bure. Achille alipiga jile lake kwa mikono miwili. Alisema hawakuelewa kitu. Fedha ile ililetwa ili walipwe. Kazi iliyofanywa bila malipo haifufui kitu. Alikuwa na malipo ya mpaka karibu na Noeli, na sasa angemlipa nani, kwa kuchimba nini? Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepika karamu, wageni wakaja wameshiba.

"Na ile sashe?" aliuliza Patient kutoka nyuma.

"Sashe gani?"

"Yenye ulifunga mara mbili."

"Ile ya udongo? Nilipeleka wapime kama unabeba simenti. Tulitaka kujengea kanivo mawe."

Avenyu nzima ilitikisa kichwa pole pole. Simenti. Ndivyo wanavyosemaga.

Mradi ulihamia avenyu nyingine, kwa watu wengine, ambao walianza kuweka matope yao ukingoni. Jumamosi haikuleta kitu tena. Tope lililobaki kwenye mabeseni likakauka, likapasuka, likatumika kuzibia nyufa na kuinulia vizingiti, na watu wakaanza kukumbuka mambo. Victoire alikumbuka nani alimwita penye ukuta. Damien alikumbuka mke wake alisema nini. Shefu Bruno alikumbuka nani tangu mwanzo alikuwa anataka tope lipelekwe mbali. Salamu zikawa fupi. Generose aliwasha tanuru, akaoka kidogo, akala mwenyewe mkate wa jana, kesho yake wa juzi.

Mvua ilikuja mchana, bila upepo, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Generose alitoka na jembe na magunia ya mchanga, akasimama kati ya ukuta na tanuru. Alisikia maji yakishuka kabla ya kuyaona. Yalipita mlango wa kanisa, yakapita duka la mabati, yakafika nyuma ya ukuta wake, na ukuta ukatetemeka kwa sauti. Aliweka kiganja juu ya tanuru, kama mtu anayemshika ng'ombe mwenye hofu. Lilikuwa na uvuguvugu wa asubuhi. Maji yakapita. Yaliendelea kupita, ya kahawia, yenye kelele, na matawi, na ndala, mpaka ziwani, na uani kwake hakuingia hata chura. Alibaki amesimama hapo mpaka mvua ilipokatika, nguo zimemganda mwilini. Kisha akaingia ndani, akakanda unga.

Nani angekula mikate hiyo, hakujua. Aliikanda tu.

Asubuhi Patient ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alinunua mkate, mdogo, akaukata pale pale uani. Alikuwa anatafuna taratibu, kwa upande mmoja, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Macho yake yalikuwa kwenye tanuru.

"Mvua kubwa, na weye hukupoteza kitu," alisema.

"Mungu."

"Ego, Mungu." Aliitikia kwa kichwa, akameza. "Bantu bote banalia juu ya kazi imeisha. Weye peke yako haulie. Unaoka."

Alirudi mchana na rafiki. Kesho yake alikuja Damien, ambaye alikuwa hamsalimii, akanunua mkate mkubwa na kuuliza, akitazama juu ya bega la Generose, kama tanuru halihitaji kusaidiwa kuzibwa nyufa. Shefu Bruno alikuja kununua nusu, akaketi muda mrefu kuliko nusu inavyohitaji. Kina mama wa kwaya walikuja. Watu wa kanisa dogo walikuja. Kila mmoja alitaka mkate, na kila mmoja alitaka kuula pale pale uani, mahali tanuru linapoonekana vizuri. Kipande cha robo kilikoma, kwa sababu robo inaisha upesi mno na mtu hajatazama vya kutosha.

Victoire alikuja wa mwisho, akiwa na fedha zake zote za ndakala.

"Mama Generose, jirani yangu. Hatuna ugomvi."

"Hatuna."

"Nipe mbili. Kubwa." Aliinama kidogo, kana kwamba anafunga kiatu, na alikuwa amevaa ndala. "Tanuru hili, chini yake kuna nini?"

"Chupa na chumvi. Ngendakumana alinifundisha."

"Chupa na chumvi," alisema Victoire, kwa sauti ya mtu anayepokea rambirambi. "Nipe tatu."

Generose aliwauzia wote, na hakumdanganya hata mmoja. Kila aliyeuliza aliambiwa ukweli, na kila aliyeambiwa alinunua zaidi. Alinunua unga wa kutosha, muuza unga akanunua ndakala, Victoire akaanza kuuza mabeseni mawili, na Patient akapata abiria, kwa kuwa kuna watu walianza kuja kutoka avenyu nyingine kula mkate Kasenga. Fedha ikawa inazunguka. Serikali haikuwa na habari.

Ila hakulala vizuri. Wateja wengi namna hii, aliwaza, kuna kitu wanachukua upande mwingine.

Kisha, asubuhi moja, gari lilisimama nje. Injenieri Achille aliingia bila kipaza sauti, jile lake likiwa jipya. Alisalimia vizuri. Alisema amesikia mkate wa mama ni mzuri. Alizunguka tanuru, akaligonga kidogo kwa kidole, akauliza udongo wake umetoka wapi.

"Kichuguu," Generose alisema. "Upande wa mlima."

"Wa mlima," alisema Achille.

Alinunua mkate mmoja. Alitoa noti, Generose akaigeuza. Achille hakuumega mkate, hakuunusa. Alitoa mfukoni sashe ya plastiki, safi, mpya kabisa, akautia ndani, akaifunga fundo, akaifunga la pili, akaenda kuiweka mbele ya gari, karibu na kiti chake.

Generose alisimama mlangoni akalitazama gari mpaka lilipokata kona. Kisha alirudi uani, akachukua karai, akaanza kukwangua udongo kidogo chini ya tanuru.